Kufu

Ubao mama niliununua mwezi wa Shaabani
kwa pesa za harusi nne nilizozihariri kwa mashine ya kuazima.
Likafuata kasha, ikafuata feni, ikafuata prosesa,
kila kimoja na mwezi wake, kama vyombo vya bi harusi.
Ikabaki kadi ya waifai, yenye blututhi ndani yake,
maana modemu iko juu kwa mjomba
na nyumba yetu ya Kibokoni ina kuta za matumbawe,
nene dhiraa nzima:
hazipitishi joto, hazipitishi siri,
na sasa hazipitishi intaneti.

Nikapanda ngazi nyuma ya Digo Road, kwa Nyevu muuza vipuri.
Nipe iliyo kasi kuliko zote, nikamwambia.
Hakuinuka.
"Prosesa yako ya kampuni gani?"
Nikamtajia.
Akairudisha kabatini ile niliyokwisha kuikazia macho.
"Hii ni nusu kadi. Nusu yake ya pili
imo ndani ya prosesa za wale wengine.
Kwako itakaa tu, kama mgeni asiyejua lugha."

Akauliza kuhusu tundu fupi la ubaoni: mkato wake uko upande gani?
Sikujua kwamba tundu lina mkato.
Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili.
"Hili ni la diski. Kadi ndogo haiingii hapa.
Meno yakikataa, usisukume."

"Si kufu," nikasema; ulimi uliniponyoka.

Nyevu akacheka, akaendelea kutafuta.
Mimi nilikuwa nimeshatoka pale dukani,
nimerudi sebuleni kwetu, mwaka wa juzi,
sinia la halua halijafunuliwa
na mama analitamka neno lilo hilo, polepole,
juu ya Bwanaheri, fundi majokofu wa Likoni.
Hakuna aliyemuuliza lolote.
Walitazama ubini wa jina, wakafunga kabati.

"Chukua hii." Ndefu, ya kuchomeka kwenye tundu la kawaida,
na antena mbili kama masharubu ya kamba.
Elfu nne na mia tatu. Nikaomba, akashusha mia mbili.
"Na kasha usiliache wazi. Chumvi ya mji huu
hula hata dhahabu."

Usiku, mama ameshalala, nikafunga skrubu kwa ncha ya kisu.
Waifai ikashika.
Mawimbi ya kasi yaligonga jiwe yakarudi kwa mjomba;
yale ya polepole ndiyo yaliyopenya.
Lakini blututhi, kimya.
Vipokea sauti vinakonyeza kibuluu, vinakonyeza,
mashine haivioni, na vimelala juu yake!
Nikazima, nikawasha. Nikamlaani Nyevu na ngazi zake.

Saa saba nikalikung'uta boksi.
Kikaanguka kiwaya kifupi, kimekunjwa,
nilichodhani ni cha ziada.
Kumbe waifai hupita kwenye meno ya kadi,
blututhi ina njia yake:
pini tisa, pembeni mwa ubao, chini kabisa,
na pini zenyewe zimekaliwa
na waya wa matundu ya mbele ya kasha.
Nikauchomoa. Matundu ya mbele yakafa.
Nikachomeka kiwaya.

Nikavaa vipokea sauti.
Harusi ya watu wa Tudor ikaniingia masikioni,
vigelegele, vijembe, bibi mmoja anakohoa karibu na kinasa,
na chumba chetu hakina hata mchakato.
Miaka mitatu mama amelala na ngoma za watu.

Akageuka kitandani, akafumbua macho.
Katika mwanga wa skrini niliiona midomo yake
ikisema kitu, ikingoja, ikakisema tena.
Nikanyanyua mkono hadi sikioni
na bibi wa Tudor alikuwa bado hajamaliza kukohoa.